Mwendo wa Bi Madaha

Katika chumba cha kufulia cha ile hoteli kubwa, chini kabisa, mahali ambapo madirisha yako usawa wa barabara na wapita njia huonekana viatu tu, alifanya kazi mwanamke mmoja aliyeitwa Bi Madaha. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alibandikwa na wenzake kwa sababu ya mwendo wake. Alitembea polepole, mgongo umenyooka, akiuweka mguu chini kama anayeogopa kuamsha mtoto aliyelala. Mvua ikimkuta njiani hakukimbia. Akiitwa kwa nyuma, hakugeuza shingo na kiuno kama watu wengine, alizunguka mwili mzima, miguu yote miwili, kama lori linalogeuzwa kwenye uchochoro, ndipo akauliza, "Nani kaniita?"

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka na foronya, na kwa kunyoosha hakuna aliyemfikia. Shuka likipita mikononi mwake hata fundi aliyelishona asingeweza kuona lilipokuwa limekunjwa.

Saa ya chakula, wenzake walitandika shuka kuukuu sakafuni kati ya mashine, wakakaa, wakanyoosha miguu, wakala na kusimuliana ya nyumbani na ya jirani. Yeye alikula amesimama kwenye meza ya kukunjia, kawapa mgongo, akitazama viatu vikipita dirishani. Mwanzoni walimkaribisha.

"Karibu chini, dada. Nafasi ipo."

"Asanteni. Niko sawa hapa."

Walipochoka kumkaribisha wakaanza kumsema. Wengine walisema sakafu haimstahili. Wengine walisema alitegemea kuolewa na tajiri, akaishia kufua mashuka ya matajiri, ndiyo maana pua iko juu. Maneno hayo yalimfikia, maana mashine za kule chini zilikuwa na tabia ya kunyamaza ghafla, na aliyekuwa anasengenya akajikuta anatangaza. Bi Madaha alisikia, akachukua foronya nyingine.

Shida yake yote ilikuwa kwenye goti la kushoto.

Ilianza alipokuwa msichana wa shule, mrefu na mwembamba, kwenye uwanja wa mpira wa pete. Aliudaka mpira, akageuka haraka ili ampasie dada yake aliyekuwa karibu na goli, mwili ukageuka na mguu wa kushoto ukabaki pale pale ulipokanyaga. Alihisi kitu kimechomoka. Alipotazama chini, pia ya goti haikuwa mbele. Ilikuwa imekimbilia upande wa nje, imetuna chini ya ngozi kama limau, na pale ilipopaswa kuwa pamebonyea. Alipiga yowe moja, akaanguka. Mpaka mwalimu anafika, kwa uchungu alikuwa keshaunyoosha mguu mwenyewe, na pia ya goti ikawa imerudi mahali pake. Mwalimu akainama kutazama. Goti lilikuwa goti.

"Liko wapi hilo lililotoka?" mwalimu aliuliza, na wasichana wakacheka.

Dada yake hakucheka. Alikuwa amekasirika, kwa sababu mchezo ulisimamishwa wakati timu yake inaongoza. Walipofika nyumbani akamwambia mama, "Huyu anadeka tu. Kaona watu wanamtazama, basi."

Mama yao, aliyependa maneno ya zamani, alilishika goti ambalo lilikuwa limeshaanza kuvimba. Akasema kilegesambwa, yaani hiyo pia ya goti, kimeteguka kidogo, akalikanda kwa maji ya moto, akamwambia atapona. Uvimbe ulipungua, na kwa watu wengine habari ikaishia hapo.

Kwake haikuisha. Pia ya goti ilitoka tena siku aliyokuwa akichota maji, akainuka akiwa na ndoo na kugeuka. Ikatoka tena alipokuwa akishuka ngazi za shule akijaribu kwenda sawa na wenzake. Kila mara alikuwa peke yake, au alijitahidi awe peke yake kabla machozi hayajatoka. Akajifunza kuirudisha mwenyewe, kwa siri, kama mtu anayejifunza wizi: kaa chini, egemea ukuta, vuta pumzi, nyoosha mguu taratibu, huku kiganja kinaisukuma pia kwa ndani. Ikisharudi, jifute jasho, tembea kama kawaida. Alipokuwa msichana mkubwa alikwenda zahanati mara moja. Siku hiyo pia ya goti ilikuwa mahali pake, imetulia kama mgeni mwenye adabu, na mhudumu akampa dawa ya maumivu na kumwambia ale vizuri. Hakurudi tena.

Akaacha mpira wa pete. Akaacha kuchuchumaa mbele za watu, akaacha kukaa chini, kwa sababu kukaa si kazi, kazi ni kuinuka. Akawa anatembea kama mtu aliyebeba mtungi kichwani. Na watu, walipouona mwendo huo, wakaona maringo. Yeye akawaacha waone hivyo. Kuitwa mwenye madaha kulimuuma, lakini si kama alivyoogopa kuitwa kiguru, yaani kilema wa mguu.

Kulikuwa na fundi seremala mmoja aliyempenda. Alikuwa mtu mpole, mikono inanuka mbao, anacheka kabla hajamaliza kusema linalomchekesha. Alimwalika kwao, akamwambia nyumba iko juu kidogo, kuna ngazi za mawe, hazina pa kushika, ila kule juu kuna upepo mzuri. Bi Madaha aliziona ngazi zile siku moja akipita kwa chini. Akatoa udhuru. Akatoa wa pili. Fundi alipomwalika tena akamwambia hapendi kwenda kwenye nyumba za watu.

"Nimekuelewa," fundi alisema. "Mimi si wa hadhi yako. Ungeniambia mapema tu."

Bi Madaha alimtazama akiondoka, na miaka mingi baadaye, akisikia randa inapita kwenye mbao mahali fulani, alikuwa bado anapunguza mwendo, ingawa mwendo wenyewe haukuwa na cha kupunguza.

Lililomtenga na dada yake lilitokea kwenye harusi ya mtoto wa dada. Bibi harusi alitaka mama na mama mdogo wacheze pamoja naye katikati ya ukumbi. Dada akaja mezani, kajaa furaha, akamshika mkono na kumvuta. Muziki ulikuwa wa kasi. Bi Madaha alisimama nusu, akahisi goti linayumba, akauchomoa mkono wake kwa nguvu kuliko alivyokusudia, mbele ya wakwe na kamera. Dada alirudi katikati peke yake akicheza huku uso umekufa ganzi. Wiki iliyofuata alipiga simu, akasema maneno machache.

"Kama unaona aibu kuwa na sisi, kaa huko huko."

Akakaa huko huko. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, na alikuwa amekipanga kwa ajili ya goti bila hata kufikiri. Kitanda kilikuwa juu ya matofali. Sufuria, sabuni, nguo, vyote viliwekwa kwenye rafu kuanzia kiunoni kwenda juu. Chini hapakuwa na kitu, hata kapu. Jioni alipika, akala, akafungua redio, akaikanda pia ya goti kwa kidole gumba akisikiliza jinsi ilivyosaga kwa ndani, kama mchanga kati ya vigae viwili. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yake ya jioni.

Basi, akaajiriwa pale hotelini dada mmoja kijana wa kupokea nguo chafu. Alizungumza tangu anaingia mpaka anatoka, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa keshapewa jina la Redio. Redio hakujua kwamba Bi Madaha hasemeshwi. Alimsemesha. Asubuhi moja, sakafu ya upande wa mashine ikiwa imelowa sabuni, Bi Madaha alikuwa anapita na mzigo wa mashuka kifuani, Redio akamwita kwa nyuma kwa sauti ya juu, "Dada, umesahau hizi." Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Bi Madaha aligeuka kama watu wengine wanavyogeuka.

Mguu ulibaki. Mwili ukaenda. Akaanguka nyuma ya matoroli pamoja na mashuka yake yote.

Alijaribu kufanya alivyozoea. Alivuta pumzi, akaanza kuunyoosha mguu, akasukuma kwa kiganja. Safari hii pia ya goti ilikataa. Akasukuma tena mpaka akaona giza. Jambo la kwanza lililomjia akilini halikuwa kuita mtu. Alivuta shuka moja akajifunika miguu.

Redio alizunguka toroli, akamkuta amekaa amejifunika kama mtu aliye kitandani kwake.

"Umepumzika au umeanguka?"

"Niache kidogo. Nainuka sasa hivi."

"Unatetemeka, dada." Redio akalifunua shuka. Akaitazama ile pia iliyokuwa upande, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akakosa neno. Kisha akageuka kuwaita wengine.

Wakaja wote, mikono imelowa, wakasimama kwa duara. Mwishowe mama mmoja wa makamo, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza masengenyo, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ni mguu."

Walimpeleka hospitali kwa gari la nguo, amelazwa juu ya magunia ya taulo chafu, Redio kando yake ameshika mguu usitikisike na kusema njia nzima kuhusu shangazi yake, mbwa wa shangazi yake, na bei ya viatu. Bi Madaha hakusikia nusu yake. Lakini baadaye, alipoikumbuka siku ile, sauti hiyo ndiyo aliyoikumbuka kabla ya maumivu.

Daktari alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimpa sindano ya kutuliza, akaunyoosha mguu bila haraka huku akiisukuma pia kwa vidole viwili, na ikarudi. Akaagiza picha ya eksirei, na baada ya kuitazama akaivuta karibu na dirisha amwonyeshe.

"Pia ya goti inatakiwa iteleze kwenye mfereji ulio mwisho wa mfupa wa paja," alisema, "kama droo kwenye reli zake. Mfereji wako hauna kina. Umezaliwa hivyo. Upande wa ndani kuna kano inayoizuia pia isikimbilie nje, na nadhani hiyo ilichanika siku ya kwanza kabisa, ikaunga ikiwa imelegea. Kila ilipotoka ikalegea zaidi. Na kila ikitoka na kurudi inakwaruza gegedu, ule utelezi ulio nyuma yake. Ngazi zinakuuma?"

"Hasa za kushuka."

"Na ukikaa muda mrefu umekunja mguu?"

"Siku hizi hata kwenye basi."

"Ilianza lini?"

"Nikiwa shule."

Daktari akavua miwani. "Na nani anajua?"

Bi Madaha akafikiri kwa dhati, kama mtu anayetafuta kitu ambacho huenda kiko mfukoni. "Hakuna," alisema. Halafu akauliza, "Kwa hiyo nilikuwa sijifanyi?"

"Nani alisema unajifanya?"

"Zamani," alisema, na akaomba maji ya kunywa.

Daktari akamweleza kwamba upasuaji wa kutengeneza kano upya upo, lakini kwa umri wake na kwa jinsi msuli ulivyokonda angependa waanze na mazoezi. Akampa soksi ngumu ya goti yenye vyuma pembeni, magongo ya kutembelea kwa muda, akamwandikia likizo ya ugonjwa, na kumpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Huyo alikuwa mama mnene mwenye raba za rangi ya machungwa. Aliyapima mapaja yote mawili kwa futi ya fundi cherehani, akaguna.

"Haya mapaja ni ya mtu mmoja?"

"Ni yangu yote."

"Hili la kushoto umelihurumia mpaka likalala usingizi. Msuli huu wa mbele ndio unaoishika pia isitangetange. Tutauamsha, na utalalamika."

Akamfundisha kukaa na taulo iliyoviringishwa chini ya goti, kuibonyeza, kisha kuinua kisigino na kuubakisha mguu umenyooka. Akamfundisha kuinua mguu akiwa amelala chali, na akiwa amelala ubavu, kwa ajili ya nyonga, kwa sababu nyonga ikiwa dhaifu goti linaangukia ndani na pia yake inavutwa nje. Baadaye wangefika kwenye kuinuka kitini bila mikono, na kupanda ngazi moja fupi. Maumivu kidogo yanayoondoka kesho yake si neno, alimwambia. Goti likivimba, pumzika, weka barafu, rudi nyuma kidogo. "Na usikubali kulikanda kwa maji ya moto likiwa limevimba bichi," aliongeza. Bi Madaha akamkumbuka mama yake.

Siku za kukaa nyumbani zilikuwa ndefu. Alifanya mazoezi asubuhi na jioni, taulo chini ya goti, macho ukutani. Msuli ulitetemeka kama kamba ya kuanikia nguo kwenye upepo. Hapakuwa na mtu wa kumwambia umeinua vizuri. Siku moja aliinua vizuri, akaona, akasema mwenyewe kwa sauti, "Haya," na sauti yake ndani ya chumba ikamshtua.

Redio alikuja kumtazama, akasimama mlangoni akakagua chumba.

"Hapa kwako pameinuka hivi, kuna mafuriko yanakuja?"

Bi Madaha alicheka. Ni kicheko kilichotoka kimekwaruza, kama mlango usiofunguliwa muda mrefu.

Wenzake wengine walikuja siku moja, wote pamoja, na matunda. Walikaa kitandani na kwenye kiti kimoja, wakitazama kucha zao. Yule mama wa makamo akasema, "Sisi tulidhani unatudharau."

"Najua."

"Mbona hukusema?"

Alitaka kuwajibu. Alitaka kuwaambia kwamba aliwahi kusema, siku moja, mara moja, na baada ya hapo neno likawa gumu kutoka kuliko pia yenyewe. Lakini hilo lilikuwa refu, na wageni walikuwa wameshaanza kukunja mifuko. "Sijui," alisema. Wakaaga.

Jioni ile akampigia dada yake simu. Walianza kwa salamu ndefu, za watu wasiojua pa kuanzia. Kisha akamweleza yote, kuanzia uwanja wa mpira wa pete mpaka ukumbi wa harusi.

"Ungeniambia tu, mdogo wangu," dada alisema.

"Nilikwambia, dada. Siku ile ile. Ukamwambia mama nadeka."

"Mimi?" Dada akafikiri. "Sikumbuki. Nakumbuka tulikuwa tunaongoza. Hilo silikumbuki kabisa."

Hakuwa anakwepa. Bi Madaha aliijua sauti yake; kweli hakukumbuka. Jambo alilolibeba yeye tangu utotoni, mwenzake alikuwa amelidondosha siku hiyo hiyo njiani kuelekea nyumbani. Wakazungumza kidogo kuhusu joto, na dada akasema atakuja.

Aliporudi kazini aliwekwa kwenye meza ya kushona vilivyochanika, kazi ya kukaa na kusimama kwa zamu. Wenzake walikuwa wamejipanga. Walimletea kiti kwenye duara lao la chakula, yeye juu, wao chini, ikawa kama anawahutubia. Baada ya majuma kadhaa, soksi ya goti ikiwa imebana vizuri, alishika ukingo wa meza, akashuka taratibu mpaka sakafuni, akanyoosha mguu mbele yake. Wote waliendelea kula na kuzungumza kwa bidii, kumbe wameambizana wasimkodolee macho. Akakaa nao. Wakacheka kuhusu pasi iliyowahi kuunguza suruali ya mgeni mkubwa, kuhusu msimamizi wa zamani na viatu vyake. Yeye alitabasamu wanapocheka. Alikuwepo siku zote hizo, mita chache tu, na hakuna hata hadithi moja aliyoijua. Redio, ambaye naye hakuwepo enzi hizo, aliuliza bila haya, "Huyo msimamizi alifanyaje?" wakamweleza upya, na Bi Madaha akasikiliza humo humo.

Dada alikuja mwishoni mwa msimu wa mvua, amezeeka kuliko sauti yake. Walishinda pamoja. Dada aliomba kuliona goti, akaligusa kwa ncha ya vidole, akasema, "Mbona liko kama la kila mtu." Halafu akaona amesema nini, akaishika mikono ya mdogo wake. Walikula, wakatazama picha za wajukuu kwenye simu. Kulikuwa na upendo mle chumbani, lakini ulikuwa umekaa kama mgeni, ukingoni mwa kiti.

Alimsindikiza kituoni. Dada alitangulia hatua mbili tatu, akakumbuka, akangoja. Basi lilipoondoka, Bi Madaha alipunga mkono mpaka likapinda kona.

Barabara kubwa ilikuwa na daraja la juu la waenda kwa miguu. Siku zote alizunguka mbali kulikwepa. Leo alisimama chini yake, akashika chuma, akapanda: mguu mzima kwanza, kisha wa kushoto ukaufuata. Watu walimpita pande zote. Kule juu palikuwa na upepo, na magari chini yalionekana kama vitu visivyo na uzito. Goti liliuma kidogo, yale maumivu ya kawaida aliyofundishwa kuyavumilia. Aliangalia kulia na kushoto, kama mtu anayetaka kumwonyesha mwenzake kitu, kisha akashika chuma cha upande wa pili na kuanza kushuka, mguu wa kushoto ukitangulia, ngazi kwa ngazi, kuelekea nyumbani kupika.